Modeli yangu haiijui Mbweni

Jumatano, Segerea. Toka asubuhi wingu limefunga, jasho linatiririka na mvua hainyeshi. Nimekaa kitandani na kompyuta mapajani. Naandika hapa kwa sababu sina mtu wa kumwambia yote kwa mpigo.

Modeli yangu haifanyi kazi.

Haijawahi kufanya kazi.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mie nasomea shahada ya uzamivu. Miaka minne nimekuwa nikiifundisha akili mnemba kusafisha mawimbi ya simu, ili mtu aliye mbali na mnara asikike bila sauti kukatikakatika. Nilizunguka na antena begani, Segerea, Kinondoni, Temeke, nikirekodi mawimbi. Matokeo yalikuwa mazuri mno. Mazuri kiasi kwamba sikuyahoji. Hilo ni kosa langu na silifichi.

Jumapili nilienda Mbweni, ambako sikuwahi kurekodi. Nilitaka grafu moja tu ya kupendezesha sura ya mwisho ya tasnifu. Nikarekodi, nikaipa modeli. Ikatoa takataka. Nikadhani antena imelegea. Nikabadilisha waya, nikarudia. Takataka ileile.

Siku mbili nikapekua programu yangu mstari kwa mstari. Jana mchana nikaliona kosa. Kila rekodi ndefu nilikuwa naikata vipande vidogo, kisha navichanganya vyote kama karata ndipo natenga vya kufundishia na vya kupimia. Kwa hiyo vipande vya rekodi moja vilikuwa pande zote mbili. Ni kama mwalimu anayewapa wanafunzi mtihani wa maswali waliyokwisha kusahihishiwa, halafu anajisifu darasa zima limefaulu. Modeli haikujifunza kusafisha chochote. Ilikariri.

Mstari mmoja. Niliuandika mwaka wa kwanza.

Leo asubuhi nimeenda kwa msimamizi wangu. Nikamwamkia, nikamwonyesha. Akavua miwani, akaangalia skrini muda mrefu.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna, Prof."

"Basi hiyo ya Mbweni iweke pembeni. Tetea kilichopo, mengine utarekebisha ukishamaliza. Zimebaki wiki mbili, Rehema."

Hakusema kwa ubaya. Ni mtu aliyenipigania mara nyingi pale idarani. Na niseme ukweli: kwa kama dakika nzima, moyoni nilikuwa nimeshakubali.

Kilichonizuia ni Yusufu. Tunafanyia kazi chumba kimoja, na tasnifu yake yote imejengwa juu ya modeli yangu. Yangu inasafisha mawimbi, yake inapokea kilichosafishwa na kuendelea nacho. Nikinyamaza, atasimama mbele ya watahini kutetea uongo asioujua.

"Prof, kuna Yusufu."

Akavaa miwani yake. "Kamwambie mwenyewe."

Yusufu nilimkuta kwenye korido, nikamwambia. Mwanzoni alicheka, akidhani ni utani. Kisha akanitazama usoni, kicheko kikaisha.

"Dada Rehema, mie nilikuuliza," akasema. "Mwaka jana. Nilikuuliza kama unatenga rekodi nzima nzima kabla ya kuzikata. Ukaniambia nisiwe na wasiwasi."

Nilikuwa nimesahau. Aliposema tu, nikakumbuka kila kitu: tulipokuwa tumekaa, na nilivyomjibu huku nikiendelea kuandika, bila hata kumtazama.

Alichukua begi lake akaondoka. Hakunitukana. Bora angenitukana.

Nimerudi nyumbani, nikaliandikia jarida lililochapisha makala niliyoandika na Prof kuhusu modeli hii, waiondoe. Nimeandika kwamba kosa ni langu peke yangu. Nimetuma bila kusoma mara ya pili, maana ningesoma mara ya pili nisingetuma. Msimamizi nilimwekea nakala. Amejibu neno moja: "Nimeona." Baadaye kidogo idara ikanijulisha kwamba utetezi wangu umeahirishwa. Hadi lini, hawakusema.

Nilimfuata mama sebuleni, nikamweleza. Mama ni mwalimu mstaafu, maelezo marefu hayapendi. Aliniuliza swali moja.

"Umeliona mwenyewe, au umekamatwa?"

"Nimeliona mwenyewe, mama."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akachukua simu kumpigia shangazi, aliyekuwa amejiandaa kuja kutoka Iringa kunisikiliza nikitetea. Nikiwa huku chumbani nilimsikia akimwambia asije kwanza. Hakumwambia sababu. Tangu akate simu, mpaka sasa sijamsikia akiinuka kwenye kiti.

Nimelia kidogo. Kisha nikafungua programu na kuusahihisha ule mstari. Imenichukua muda mfupi kuliko kuandika aya hii.

Sasa hivi modeli inafundishwa upya. Kwa ninavyoona, itakuwa dhaifu, na huenda isifae hata kwa tasnifu. Angalau matokeo yatakuwa ya kweli.

Yusufu nimempigia mara tatu, hapokei. Kesho nitakuwa mlangoni pa chumba chetu kabla hajafika. Sijui nitamwambia nini. Nitakuwepo tu.