Sanduku Lako Halisikii Tena

Kitaya, Mtwara
14 Machi 2008

Mpendwa mdogo wangu Mauricio,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Dar es Salaam? Kikohozi kimekuachia? Sisi tu wazima, isipokuwa goti la Mama, nalo si jipya kwako. Mpunga umezaa mpaka majirani wanatuonea kijicho.

Niliapa kutokukuandikia habari mbaya wakati wa mitihani. Nimeshindwa, na simu yako haipatikani.

Lile sanduku ulilolifunga mtoni, lisikilize viboko na kupiga honi wakitoka majini, lilitufaa sana. Januari, wakati wa kuwatoa watoto jandoni, likawa linapiga honi kwa kila ngoma. Mjomba Constantino alifoka kwamba mashine inawatukana wenye jando. Ungekuwepo ungekimbia! Nikachukua karatasi yako ya maelekezo, nikafungua kompyuta uliyotuachia, na kwenye amri ya kuliwasha, palipoandikwa -k 20, nikaweka -k 60, lisishtuke mpaka sauti iwe kubwa kweli. Nikahifadhi. Likanyamaza, nikasifiwa.

Ngoma zilipokwisha nikarudisha 20, ila safari hiyo sikuhifadhi. Betri ikaisha, jua likaijaza, sanduku likawaka lenyewe na ile 60. Nimegundua juzi tu, baada ya kuona nyayo za kiboko ndani ya mpunga wetu. Jana zilikuwa hatua saba kutoka kwenye dungu, kile kichanja cha kulindia mpunga. Kompyuta nayo imenyeshewa, haiwaki.

Naogopa, Mauricio. Mama analala dunguni peke yake. Madebe ya kufukuzia wanyama amempa jirani yetu Mathayo achotee maji, kwa kuwa eti wewe mwanawe unamsikilizia kwa sanduku lako. Nimegonga sufuria karibu na kinasa sauti mchana kweupe, honi kimya. Nilipomweleza Mama akanijibu, "Kungekuwa na kitu lingelia. Wewe Luisa una wivu tu na mdogo wako."

Kwa hiyo usihangaike kunieleza mimi amri. Mwandikie yeye, kwa mkono wako mwenyewe, kwamba mashine yako imekuwa kiziwi. Barua mpe mtu wa basi, posta itachelewa.

Mjomba anakusalimu, na dada Claudia na wanawe, na Mathayo pia. Mungu akutangulie kwenye mitihani yako. Mama angekusalimu, ila ameshabeba mkeka wake kwenda shambani.

Dada yako akupendaye,
Luisa