Saa Janja ya Baba Emna

Jumamosi, 15 Februari

Emna kapiga simu kutoka Tunis. Mazungumzo yote ni saa janja, saa janja. Mama, mnunulie baba! Inapima mapigo ya moyo, na wewe utayaona kwenye simu yako ukiwa jikoni. Nikamwambia nimekaa na baba yake miaka thelathini na minane, mapigo yake nayajua. Hakucheka.

Hedi, mume wangu, alikuwa mlangoni anasikiliza, anajifanya anatafuta miwani. Miwani iko usoni! Akasema saa anayo, ile ya shirika la reli aliyopewa alipostaafu, haijawahi kuchelewa hata dakika, sifa ambayo hata treni zenyewe hazina.

Mie naogopa. Niandike tu, maana hapa hakuna anayesoma. Tangu wamtie kile kijibomba kwenye mshipa wa moyo mwezi wa Novemba, sina usingizi. Akikohoa naamka. Asipokohoa naamka vilevile, nimsikilize kama anapumua.

Jumatatu, 17 Februari

Kwa daktari. Kasema waziwazi: Ramadhani ya mwaka huu haikuhusu, mzee. Kidonge cha mchana ni lazima, baada ya chakula, na maji mengi. Ukiacha vidonge, kijibomba kinaweza kuziba, na kikiziba hatutaulizana mara mbili. Shambani kwenye mizeituni usiende, msumeno usishike. Hedi akaitikia kwa kichwa, ndiyo daktari, ndiyo daktari. Nimefundisha darasa la tatu miaka thelathini, namjua mtoto anayeitikia hivyo.

Njiani akasema amefunga tangu ana miaka tisa, hajawahi kukosa hata siku moja. Yeye, ale mchana kama mtoto wa chekechea? Nikamwambia Mungu mwenyewe kakupa ruhusa, wewe ni nani hata uikatae.

Jumatano, 19 Februari

Nimekwenda kwa Latifa, jirani wa mlango wa pili, kuitazama saa ya mumewe Nuri. Eti kila usiku kabla ya kulala Nuri anatembea ukumbini kwenda na kurudi, hesabu ya hatua itimie. Latifa anasema saa haijampunguza tumbo, imemaliza zulia tu. Na asubuhi inamwambia kalala vibaya. Kwani mtu haoni mwenyewe?

Nilipoaga akanishika mkono. "Usinunue, Mama Emna. Ukianza kujua kila pigo la moyo wa mtu, hutakula ukashiba."

Sasa nifanye nini? Naona kama kweli. Halafu nikimwangalia Hedi anapanda ngazi, naona nikanunue kesho.

Jumapili, 23 Februari

Shida yangu ni moja – chakula.

Hapa kwetu Sfax, asiyefunga anakula mlango umefungwa, na hakuna anayemchungulia. Baba mkwe alipokuwa mgonjwa tulikuwa tunamwekea sahani, tunarudishia mlango, tunatoka uani kuongea kwa sauti ili asidhani tunasikia kijiko. Ndiyo heshima yenyewe. Mtu mgonjwa usimvunjie uso.

Basi nitajuaje kama Hedi kala? Nimsimamie mlangoni? Nimfunulie sufuria nihesabu matonge? Siwezi. Hata yeye hatanisamehe, na haki atakuwa nayo. Bora nikiulize chombo kuliko kumuuliza yeye.

Nanunua.

Alhamisi, 27 Februari

Nimenunua. Bei siiandiki, hata karatasi itaona haya.

Muuzaji kaniuliza nataka saa inifanyie nini hasa. Nikamjibu: inieleze kama mtu amekula. Akacheka, akasema hiyo bado haijatengenezwa, mama. Lakini moyo ukienda mrama itapiga kelele kwenye simu yangu, na nitaona mvaaji yuko mtaa gani. Akaandika jina la mvaaji: Hedi.

Nilijiandaa kwa vita. Wapi! Kaivaa bila neno, kageuza mkono huku na huku, akasema inampendeza. Nimeshangaa.

Jumatatu, 3 Machi

Tumo ndani ya mfungo. Hedi kasema mchana atakuwa anashinda kwa Bashir, fundi viatu wa mji mkongwe, rafiki yake tangu shule. Kuna kijichumba nyuma ya duka, atakula humo, ili mie niliyefunga nisisumbuke na harufu ya chakula. Mtu mwenye huruma huyu!

Nimemfungia kuskusi na samaki kwenye kopo, kidonge nimekikunja kwenye karatasi. Saa sita nikatazama simu. Yuko kwa Bashir. Mapigo sabini na mbili. Alasiri kopo limerudi jeupe, limeoshwa kabisa. Nimeswali rakaa mbili za shukrani.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimempigia Emna, nimekiri: saa ina thamani yake. Siku nne nalala. Kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa, hatua arobaini tu! Yaani anapumzika kwelikweli, daktari atafurahi.

Jioni anaila supu ya shayiri bakuli tatu. Nikamuuliza, na mchana si ulikula? Akasema supu yako, Mama Emna, nani ataiachia njiani. Nikafurahi, nikamwongeza.

Mikono ina mikwaruzo. Kasema anamsaidia Bashir kukata ngozi.

Jumapili, 9 Machi

Nimechoka, mambo ya kuoka. Hedi mzima. Sabini na nne.

Uso umemwiva kwa jua. Kwa jua la wapi, katika kile kichochoro cha Bashir? Nimesahau kumuuliza.

Jumanne, 11 Machi

Niko hospitali, korido ya ghorofa ya kwanza. Daftari lilikuwa kwenye mkoba. Naandika kwa sababu nikikaa hivihivi nitapiga yowe.

Saa nane na dakika kumi simu ililia. Kioo chekundu. Hedi – mapigo hayana mpangilio – mia moja arobaini na nane. Nikampigia, hapokei. Nimetoka na aproni. Sijui hata kama nimezima jiko. Teksi ikaniacha langoni, mji mkongwe gari haliingii, nikakimbia. Mie, na magoti haya!

Bashir alikuwa kwenye kigoda chake, kiatu pajani. Nikaiona saa kabla sijauona uso. Saa yangu, mkononi mwa Bashir.

Nikamuuliza mume wangu yuko wapi. Akatazama chini.

"Yuko shambani, shemeji. Kwenye mizeituni, anapogoa. Tangu siku ya kwanza. Asubuhi ananiachia saa, alasiri anaipitia."

Anafunga? Ndiyo, anafunga. Na chakula changu je? Binti wa Bashir huwapelekea watoto wa mjane wa hapo mwanzo wa kichochoro, halafu huliosha kopo. Na vidonge? Akavuta mtoto wa meza. Vyote vimo, na karatasi zangu, nilivyozikunja mwenyewe. Mpaka cha leo.

Akasema Hedi alimjia mwishoni mwa mwezi uliopita, akalia. Hedi! Ambaye hakulia alipomzika mama yake. Alimwambia hivi, nayaandika nisije nikayasahau: "Nisaidie mwaka huu mmoja. Nikikaa nyuma ya mlango nakula wakati watu wote wamefunga, nitakuwa nimeshakufa. Mabruka wangu akiona namba nzuri atatulia. Wewe una moyo wa ng'ombe, hujawahi kumeza hata kidonge cha kichwa."

Kwa hiyo nilikuwa natulia kwa moyo wa Bashir. Siku zote hizo. Nilisali shukrani kwa moyo wa Bashir!

Nilikuwa nimefungua kinywa nimtukane, yeye na ukoo wake. Simu ikalia tena mkononi. Mia moja hamsini na moja. Ndipo nikamtazama vizuri. Midomo ya kijivu, jasho linachuruzika mpaka shingoni, na leo kuna ubaridi.

"Bashir," nikamwambia, "huu unaolia hapa ni moyo wako."

Akacheka kidogo. Eti ni hofu, shemeji, ulivyoingia na aproni hiyo hata jini angekimbia. Akajaribu kusimama, akashika meza, akaenda chini pamoja na viatu.

Watu wa kichochoro walinisaidia. Tangu saa tisa tuko hapa. Nuri nimempata sasa hivi, kachukua gari kwenda shambani, kilomita kumi na nane, na Latifa kaenda naye. Latifa hakuniuliza kitu. Nilitaka aniulize, nigombane na mtu.

Saa kumi na moja kasoro. Muuguzi kaandika fomu. Alinakili jina kutoka kwenye simu yangu: Hedi. Nikamwambia alikate, huyu ni Bashir. Akauliza, basi Hedi ni nani? Nikaanza kulia mbele ya watu.

Saa kumi na moja na nusu. Daktari kijana katoka. Wamemwahi. Kasema tungechelewa saa moja zaidi, kungekuwa na habari nyingine. Akaniangalia akatabasamu. "Saa hii imemwokoa, mama. Umefanya vizuri sana kumnunulia mzee."

Mke wa Bashir kafika. Kanibusu mikono, kichwa, anamwombea dua aliyenunua hiyo saa, Mungu amwekee mumewe. Mie nimeitikia amina.

Hedi nimempigia mara kumi na nne. Inaita mpaka inakatika.

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Nuri kapiga. Wamefika sasa hivi, barabara imejaa wanaowahi kufuturu. Ngazi imesimama kwenye mzeituni. Koti limetundikwa kwenye tawi, na simu inalia ndani ya koti. Hedi hamwoni. Shamba ni kubwa, yeye kashika upande wa kisima, Latifa kashika upande wa ukuta, wanamwita. Nikamwambia atazame chini ya miti, siyo njiani, chini ya miti. Kakata.

Wauguzi wameanza kupitisha tende kwa ajili ya magharibi. Mmoja kaniwekea tatu mapajani. Kule ndani Bashir kalala, saa hawajamvua. Nimejizuia, nimejizuia, halafu nimefungua simu.

Inasema: Hedi. Mapigo themanini na mbili. Ametulia.