Doa Jeusi Katikati ya Mabati Mapya

Mayu, mama yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ni wewe uliyenifundisha kwamba mtu mzima huamkiwa kwanza, hata kama umemwendea na hasira kifuani. Na leo nina hasira, Mayu. Nimetoka kwenye mkutano wa mtaa wetu huku Isevya, na sina mtu mwingine wa kumwambia ambaye hataanza kunituliza.

Unaukumbuka ule mchana wa moto. Kilikuwa kiangazi, upepo mkavu unavuma, nawe umekaa uani unachuja asali aliyoleta mjomba kutoka Goweko. Moto ulianzia kwenye jiko la jirani, ukashika paa la nyasi, ukaruka la pili, na kwa jinsi nyumba zetu zilivyobanana hata za bati hazikupona. Ulitoka na ndoo ya asali tu, mkono na nywele za mbele vimeungua. Jioni tuliila asali ile kwa vidole, sisi na watoto wa majirani, kwa sababu hakuna nyumba iliyokuwa na kitu kingine cha kula. Na tulicheka, Mayu. Mpaka leo sijui tulichekaje.

Kesho yake asubuhi msaragambo ukaanza. Wewe unajua watu wetu: nyumba ya mwenzao ikiungua hawakai kupiga soga, wanabeba miti. Watu walitoka mpaka upande wa Kipalapala. Wanawake walizoa majivu wakayamwaga kwenye bustani za mchicha, wanaume wakasimamisha nguzo, mabati mapya yakapanda. Kabla wiki haijaisha mtaa ulikuwa umesimama tena, na mgeni asingejua kama paliwahi kuwaka hata kiberiti.

Ila kwako. Walipofika kwenye kiwanja chetu uliwazuia. "Hapa pasiguswe," ulisema. "Wakubwa waje kwanza waone tulivyoungua." Jirani yetu Mama Shija alikubembeleza, mjomba akagomba, ukabaki na msimamo wako. Tukahamia chumba cha nyuma kwa Mama Shija, na majivu yetu yakakaa palepale mpaka mvua zikayakuta. Hakuna mkubwa aliyekuja.

Walipokuja walikuja na mambo mengine. Ulikuwa urasimishaji wa makazi, kupima viwanja na kugawa hati, na yule bwana wa vipimo alisimama mbele yetu na ramani yake akasema sisi ni wavamizi. Kwamba pale palikuwa mashamba, tukayachoma kuyasafisha, kisha tukajenga mbiombio ili tupate hati. Wewe ulinyoosha mkono, ukainuka, ukamwambia kwa sauti ya upole kabisa, "Baba, mimi nimezalia hapa, na huyu binti ndiye niliyemzaa." Alikujibu bila kukutazama, "Mama, kaa chini, ramani haisemi uongo."

Ukakaa. Hilo ndilo linaloniunguza kuliko moto wenyewe. Uliishi miaka yako iliyobaki kama mpangaji wa hisani, hatua chache kutoka kwenye kiwanja chako, na ukazikwa ukiwa unaitwa mvamizi.

Sasa nikusimulie usichokijua. Unajua nilisomea ramani, lakini ulifariki kabla sijapata kazi hii ya kusoma picha zinazopigwa na setilaiti kutoka juu. Zamani tulikuwa tunatazama misitu tu. Mwaka huu tukaambiwa tutafute alama za mioto iliyopita kwenye mitaa isiyopimwa, ili mji ujue wapi watu wanaungua mara kwa mara. Nilianza na kwetu. Ningeanza wapi kwingine?

Nikaikuta siku yetu, Mayu. Setilaiti ilikuwa imepita ikaona joto, ikaweka nukta nyekundu juu ya mtaa wetu. Na pembeni ya nukta pameandikwa: moto wa kusafisha shamba. Unajua kwa nini? Kwa sababu huku kwetu kila kiangazi watu wanachoma mabua na vichaka, basi waliotengeneza hesabu za kompyuta, huko mbali waliko, waliiamuru ihesabu moto wowote wa kiangazi wa Tabora kuwa wa shamba. Hawakufikiria kwamba Mnyamwezi anaweza kuunguliwa nyumba mwezi uleule anaochoma mabua. Kwenye ramani hiyohiyo wameichora njia ya zamani ya misafara, ambayo hakuna aliye hai aliyeiona ikipitwa na wapagazi, wakaitilia na rangi. Nyumba zetu ndizo zilizowashinda kuona.

Nikatafuta picha za karibu zaidi. Ya kabla ya moto haikuwa wazi; mimi niliyatambua mapaa yetu, nyasi na bati lenye kutu, yamebanana vilevile ninavyoyakumbuka, lakini mwingine angeona shamba la mabua tu. Ya baada ya moto ilionyesha mabati mapya yanang'aa mtaa mzima. Mtu asiyetujua angesema ni mtaa ulioota jana, na ndivyo yule bwana alivyosema. Ukarimu wa majirani ndio uliotufutia ushahidi. Lakini katikati ya mng'aro ule kulikuwa na doa jeusi, la mraba, kubwa kama nyumba yetu. Picha za miezi iliyofuata, doa lipo. Nililia pale ofisini mbele ya watu, na sikujali.

Nikazipeleka picha mkutanoni. Yule bwana bado yupo, ameongeza kitambi na cheo. Aliziangalia muda mrefu, akatikisa kichwa kama mtu anayesifia mpira. "Hii teknolojia kiboko," akasema. "Ni kweli, paliungua nyumba. Doa hili linathibitisha." Watu wakapiga makofi. Mama Shija akapiga vigelegele. Wote wataandikwa, wote watapata hati zao. Nikasubiri aseme neno kukuhusu wewe. Hata pole, Mayu. Hakusema.

Akaendelea kusoma orodha, akafika kwetu. "Hiki kiwanja hakina sifa," akasema. "Hakikuendelezwa. Picha zenyewe zinaonyesha hakuna jengo. Kitakuwa eneo wazi, tutaweka dampo la taka."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwambia doa alilotoka kulisifia ndilo kiwanja hicho, kwamba kama mwenye kiwanja angejenga kama wenzake hakuna hata mmoja mle ukumbini ambaye angepata kitu. Akanijibu, "Dada yangu, nakuelewa sana. Lakini utaratibu ni utaratibu." Wewe ulishika adabu ukakaa. Mimi nilimwambia mbele ya mtaa mzima kwamba aliyekuita mwongo ni yeye, kwamba leo amekula ushahidi wako na kukutemea mbegu, na kwamba adabu niliyolelewa nayo nitaitumia kwa wanaoistahili.

Kisha Mama Shija akainuka, na miguu yake ile inayomsumbua. "Mwanangu," alimwambia yule bwana, "taka zenu mtapeleka kwenu."

Sitakudanganya kwamba nimefarijika. Watu wananipongeza njiani kana kwamba tumeshinda, nami natamani kuwapigia kelele. Kwa nini neno lako halikutosha? Ulikuwa hai, una macho, una mkono ulioungua, umesimama mbele yao unazungumza Kiswahili safi. Wakaenda kuamini kidude kinachopita angani.

Pumzika, Mayu. Sina zaidi la kukueleza isipokuwa hili: Jumamosi tunajenga. Mjomba analeta miti, majirani wanaosubiri hati wote wanakuja, na bati nimeshaagiza. Hatuna kibali. Setilaiti ikipita, ipige picha.

Ni mimi binti yako, kitindamimba wako,
Kalunde