Kaburi la Kinyunguni

Kwako kaka Dastan,

Shikamoo kaka. Baridi ya Mgololo inawatendaje? Wifi ameacha kukohoa? Sisi huku tunapumua, ila mwenzio usingizi nimeusahau, na chanzo ni kinyungu cha Mama.

Si unakijua, ile bustani ya bondeni inayoshika unyevu kiangazi chote, wakati mashamba ya mlimani yamekauka kau. Njegere zake ndizo zilizotusomesha. Basi, mwezi uliopita walikuja watu wa mpango wa matumizi ya ardhi. Walisema mto unakufa na korongo hawatagi tena bondeni, kwa hiyo mita sitini kutoka mtoni jembe marufuku. Wenye vinyungu watapewa mizinga ya nyuki. Mama aliwauliza kama nyuki wanapika uji. Kweli jamani, asali husubiriwa, tumbo je?

Walipotaja kwamba makaburi ya wazee yataheshimiwa, Mama akasimama mkutanoni. Akasema mzee Kihwele, babu yake marehemu baba, amezikwa kinyunguni kwetu. Nikajua tumepona. Wapi! Kumbe kuheshimiwa ni kufungwa kabisa. Wenzetu wameruhusiwa kuvuna kwanza. Sisi tumeambiwa kaburi halikanyagwi, tutoke siku hiyohiyo. Njegere tumeziacha na maua yake, na ghalani hamna kitu.

Cha ajabu, Mama hakulia. Anasema miaka yote alilima juu ya kifua cha mkwe bila kujua, na mzee wa watu akaendelea kumlisha. Sasa kila Jumapili akitoka kanisani anapita pale kusali. Juzi korongo wawili walitua, akarudi anacheka kama aliyepata wageni.

Tatizo ni hili. Mwenyekiti wetu, mzee Aroni, ametangaza kuwa Jumamosi ijayo wazee watafanya tambiko na kuweka alama kaburini. Wewe ndiye mwanamume wa ukoo uliyebaki, kwa hiyo wewe ndiye utakayewaonyesha lilipo. Lisipoonekana, Mama ataitwa tapeli mbele ya kijiji kizima, na faini juu.

Kaka, hakuna kaburi. Ni mimi niliyemwambia Mama kwamba baba alinionyesha kabla hajafa. Nilitaka tu kuokoa kinyungu, na yeye masikini akaniamini. Nimejaribu kumweleza, lakini nikimwona amepiga magoti pale, nageuza njia na kurudi nyumbani. Kinyungu ameshakipoteza, nikisema, nitamnyang'anya na kaburi.

Njoo Ijumaa, nakusihi. Karibu na mkuyu kuna jiwe jeupe, Mama hufagia kulizunguka kila wiki. Likikutosha, onyesha hilo. Likikushinda, basi sema kweli wewe, maana mimi nimeogopa.

Wabusu watoto. Mama anakusalimu sana. Ameshasaga unga wa tambiko, na anasema usisahau kitambaa cheusi cha kumtambikia babu.

Ni mimi mdogo wako,
Paskalina