Koti la Mikono Minne

Mpendwa mshauri Mama Chepkoech, naomba msaada, na kabla sijaanza naomba usinicheke, kwa sababu shida yangu inahusu mtu ambaye hayupo, lakini mtu huyo amebeba jina la mtu ambaye yupo, na hapo ndipo nimekwama.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, nasoma shule moja huku Berea, Durban, si mtu wa kuongea, darasani mwalimu akiuliza swali ninalolijua naandika jibu pembeni ya ukurasa na kulifunika kwa mkono, ila tangu mwaka jana naandika hadithi ndefu ya Durban ambayo ndani yake kuna watu wa aina mbili, sisi na Wachumvi. Wachumvi waliingia na meli zamani, wakashuka bandarini wakabaki, wanakaa kwenye matangi ya maji juu ya maghorofa ya Greyville na ndani ya kreni za kushushia makontena, wana mikono minne, wanakula chumvi, na wanafanya kazi katikati ya watu bila watu kujua, kwa mfano ukiona robot, yaani taa ya barabarani kama wanavyoiita huku, imegeuka kijani kabla hujaisogelea, ujue kuna Mchumvi amekuonea huruma. Mwalimu Jairus, ambaye ni Mkenya na ndiye anayesimamia klabu yetu ya uandishi, aliniambia kwamba dunia ya kubuni isiyo na sheria ni kama mechi isiyo na refa, kila mtu anakimbia tu, kwa hiyo nimewawekea sheria. Ya kwanza, Mchumvi haingii nyumba ambayo hajasalimiwa mlangoni. Ya pili, anabaki kuwa ukungu, watu wanampita katikati, mpaka mtu aliye hai ampe jina lake mwenyewe, kama sisi tunavyowapa watoto majina ya watu walio hai. Ya tatu, mvua inamyeyusha, na ndiyo maana siku za mvua hapa Durban hakuna robot inayomwonea mtu huruma.

Mama yangu anasuka nywele katika saluni moja Greyville, karibu na uwanja wa mbio za farasi, nami Jumamosi namsaidia kufagia na kuosha taulo, na pale ndipo ninaposoma hadithi kwa sauti. Sijui kwa nini pale naweza na darasani siwezi, labda ni kwa sababu mwanamke anayesukwa hawezi kugeuza kichwa kukutazama. Mama aliuliza kwanza kama hayo ni mambo ya mapepo, nikamwambia ni hadithi tu, akasema basi soma, lakini ukifika penye mapepo utaniambia.

Sasa siku moja nilifika pale ambapo Mchumvi mmoja wa kike amesimama mlangoni kwa watu, amesalimiwa, lakini bado ni ukungu kwa sababu mimi nilikuwa sijampatia jina. Nikaacha kusoma. Dada Laetitia, anayesuka kiti cha pili, akasema, "Sasa iko anangoja nini? Mupe jina aingie, baridi itamuua huko inje." Mama Antoinette (jina nimelibadilisha, ni fundi wa kushona, cherehani yake iko barabara ya pili) alikuwa chini ya draya, sote tulidhani hasikii, akainua draya kwa mkono mmoja akasema, "Mupe yangu. Jina yangu iko bure, hakuna mutoto aliibeba." Saluni nzima ikacheka, naye akacheka, nikaandika, na Mchumvi akaingia ndani akiitwa Antoinette.

Nilidhani imeishia hapo. Jumamosi iliyofuata Mama Antoinette akaja na utepe wake wa kupimia shingoni akaniuliza majina wake anavaa saizi gani. Kwetu Uvira, Kongo, mtu uliyempa jina lako tunamwita majina, nadhani ninyi mnasema somo, na majina wako lazima umpe nguo, huwezi kumpa jina ukamwacha uchi. Nikamwambia ana mabega mapana na mikono minne. Hakushangaa, aliuliza tu kama mikono ya chini inatokea mbavuni au kiunoni. Wiki mbili baadaye akaleta koti la kitenge cha bluu, mikono minne, kila mkono na kifungo chake, na ndani ameweka bitana ya nailoni. Mama akamuuliza nailoni ya nini. Akamjibu, "Mutu ya chumvi hawezi kutembea Durban bila koti ya mvua. Huyu mutoto alilelewa na nani?"

Koti hilo limetundikwa saluni karibu na kioo. Kila mteja akiuliza, Mama Antoinette akiwepo anamhadithia mwenyewe tangu mwanzo, na sheria zote tatu anazijua kwa kichwa, hata anawasahihisha wengine. Kuna mteja mmoja Mkenya, mwanafunzi wa chuo, alilijaribu akauliza mikono mingine miwili aazime wapi, wakamwambia aolewe kwanza. Tulipofika nyumbani mama akaniambia jambo ambalo nilikuwa silijui, kwamba kwao Mama Antoinette wamezaliwa wanane, na watoto wa ndugu zake ni wengi wa kujaza basi, kila mmoja amepewa jina la shangazi huyu au mjomba yule, lakini hakuna hata mmoja aliyeitwa Antoinette. Pale chini ya draya hakuwa anatania tu.

Sasa sikiliza tatizo, Mama Chepkoech. Mwalimu Jairus amechagua hadithi yangu isomwe maktaba Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, siku ambayo wanafunzi wa shule mbalimbali wanasoma kazi zao kwa lugha za nyumbani, wako wa Kizulu, wako wa Kifaransa, na mimi ndiye wa kwanza kusoma kwa Kiswahili. Sitasema uongo, naona fahari mpaka masikio yanapata moto. Lakini alichokichagua ni mwisho wa hadithi, na mwisho niliuandika mwaka jana, kabla Mchumvi hajapata jina. Kunakuja dhoruba, kreni kubwa inataka kuangukia meli yenye mabaharia, na huyo Mchumvi anatoka nje kwenye mvua anaishika kwa mikono yake yote, mabaharia wanatoka mmoja mmoja, na kila mvua inapozidi mkono mmoja unayeyuka, mpaka unabaki wa nne, na baharia wa mwisho anaruka, na wa nne nao unakwenda. Nilipoumaliza nililia, nikajua nimeandika kitu kizuri. Sijawahi kuandika kingine kama hicho.

Mama Antoinette hajui. Amenunua kitenge kilekile cha bluu, wanawake wote wa saluni wameshonewa, wanataka kukaa mstari wa mbele. Na kwetu hutamki kifo cha mtu aliye hai mbele yake, sembuse kukisoma kwenye kipaza sauti. Mama yangu anasema nibadilishe jina haraka, nimwite Mchumvi kitu kingine. Dada Laetitia anasema kumrudishia mtu jina lake ni kama kumrudishia mtoto mlangoni. Nikamwambia mwalimu labda nimwokoe, akasema, "Ukimwokoa hivihivi, utakuwa umetudanganya kuhusu mvua." Nimejaribu usiku na mchana kumwacha hai, anabaki hai lakini ukurasa wenyewe unakufa. Nimwue mtu ambaye ndiye wa kwanza kubeba jina la mama wa watu, au nimnyang'anye jina, au niharibu kitu pekee kizuri nilichowahi kufanya? Naomba unijibu humu gazetini kwa sababu simu ya kwetu ni ya kila mtu.

Msichana wa taulo, Greyville

MAMA CHEPKOECH ANAJIBU

Binti yangu, sijacheka. Nilitabasamu mara moja, pale kwenye robot, kwa sababu juzi ilinyesha nami nilikaa kwenye nyekundu hadi nikamaliza chai yangu yote ndani ya gari. Sasa najua kwa nini.

Nianze na kukugombeza ili tumalizane nalo. Umebadilisha jina la mama huyu ukadhani umemficha. Koti la kitenge lenye mikono minne liko moja tu katika mji huu, limetundikwa karibu na kioo, na gazeti hili hufika Greyville Ijumaa kabla ya chakula cha mchana. Atalisoma au atasomewa. Wewe umeniandikia mimi nisiyekujua jambo ambalo ulipaswa kumwambia yeye aliyekushonea. Aibu si dhambi, lakini isikufanye umwache mtu mzima asikie habari zake kwa majirani. Kwa hiyo soma hadi mwisho, kisha uvae viatu.

Jina halirudi. Mama yako anakupenda na anataka kukuepusha na fedheha, lakini hapa namkatalia. Mimi naitwa Chepkoech kwa sababu nilizaliwa kukipambazuka. Jina langu lilitoka kwa alfajiri, na alfajiri haijawahi kuniletea hata leso. Ningekuwa na mtu wa kunishonea koti kwa sababu tu tunaitwa sawa, singekubali mtu yeyote atutenganishe, hata mwandishi mwenyewe.

Sasa huo mwisho. Unaniuliza afe au aishi, na nakuambia hilo bado si swali lako. Mwaka jana ulipoandika mwisho huo, Mchumvi wako hakuwa na jina wala nguo. Leo anavyo vyote viwili. Ninyi wenyewe mnasema majina lazima apewe nguo, na zawadi ni mali ya aliyepewa. Basi Antoinette wako ana koti la mvua, lenye bitana ya nailoni, na Greyville nzima imeliona. Hebu nieleze, siku ile kreni ilipoanza kuanguka na mvua ikanyesha, koti lilikuwa wapi?

Unaona? Mwalimu wako yuko sahihi, mvua lazima ibaki mvua. Lakini na koti nalo ni koti. Ulijenga dunia, ukaiwekea sheria, halafu mtu mwingine akaingia kwa mlango wa sheria yako ya pili na kuongeza kitu ambacho wewe hukukifikiria. Huwezi kujifanya hukukiona kwa sababu kinakusumbua. Wanawake wa mstari wa mbele watakuwa wamevaa kitambaa hicho hicho, na ukisoma mwisho wa zamani bila kutaja koti, hawatalia. Watatazamana na kuulizana.

Labda alilivua akamfunika mtu. Labda lilichanika kwenye vyuma. Labda alilivaa, akaishika kreni, na akarudi nyumbani amepungukiwa mkono mmoja tu. Mimi sijui, na wewe pia hujui, ndiyo maana ukurasa umekufia mkononi. Ulikuwa unamwokoa kwa woga wako. Kama ataokoka, aokolewe na cherehani.

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda leo kwa Mama Antoinette, kwake kwenye cherehani, si saluni mbele ya watu. Simama mlangoni usalimiwe, maana hiyo ni sheria yako ya kwanza na inakuhusu pia. Mwambie una jambo la majina wake. Kisha msomee mwisho wote, usiruke mstari, hadi mkono wa nne. Huyu hatakuwa anasukwa. Atageuza kichwa na kukutazama. Mwache akutazame. Mwanamke aliyempa mtu wa chumvi jina lake haangushwi na ukurasa mmoja, na kuhusu watu kuondoka duniani, yeye ameona mengi kuliko wewe na Mwalimu Jairus mkijumlishwa. Ukimaliza, muulize swali la koti, na unyamaze. Unajua kunyamaza, leo kutakufaa.

Akisema majina wake asife, hatakufa, nawe utatafuta njia ambayo haiidanganyi mvua. Akisema afe, utamwuliza ni nani atakayebaki na koti, kwa maana kitu kama hicho hakiachwi kulowa bandarini. Vyovyote atakavyosema, Jumatatu umweleze mwalimu kwamba mwisho umebadilika na sababu yake. Akiwa mwalimu wa kweli atafurahi kuliko wewe.

Na hiyo fahari inayokuchoma masikio, usiizime. Kuna waandishi wenye vitabu madukani ambao hakuna msomaji hata mmoja aliyewahi kuogopa mtu wao asinyeshewe. Wewe una miaka kumi na sita, na fundi mzima amekata nailoni yake mwenyewe kwa ajili ya mtu uliyemtoa kichwani.

Siku ya maktaba, omba kiti kimoja cha ziada. Kiweke mbele, karibu na kipaza sauti, na utundike koti mgongoni mwa kiti hicho, mikono yote minne ionekane. Watu watauliza ni la nani. Usijibu. Mwache Mama Antoinette asimame mwenyewe, na kitenge chake cha bluu, awaambie. Akishaketi, anza kusoma.