Jino la Kushoto

Kahama, Jumanne usiku

La kushoto litang'olewa. Daktari ameniambia leo huku akitabasamu.

Meno yangu mawili ya kupandikiza yalipoanza kutoa usaha, alisema atayasafisha. Sikujua kwamba kila moja atalisafisha kivyake: la kulia kwa mashine inayopuliza unga laini wa kusugulia meno, la kushoto kwa kibrashi cha chuma, ili aone njia ipi ni bora.

Leo fizi ya kulia imefunga. Ya kushoto akaibonyeza, usaha ukatoka, akamwita daktari mwenzake.

"Njoo uone. Nilikwambia unga utashinda."

Nikamuuliza, "Sasa daktari, kwa nini hukunipulizia unga kote?"

"Mama Kulwa, ningelinganisha na nini?"

Alijibu kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. Mwenzake akacheka kidogo. Machozi yalikuwa yananitoka, nikasingizia taa.

Baba Kulwa bado sijamwambia. Aliuza ng'ombe kwa ajili ya meno haya, na ndugu zake walimcheka.

Kabla sijashuka kitini, daktari akaniomba nifungue mdomo tena, apige picha pande zote mbili.

Nikafungua.