Cheki ya Viazi vya Ruiri

Ruiri, 3 Juni 2024

Kwako Mama Nelius,

Salamu nyingi kutoka huku Ruiri. Sisi ni wazima, ila baridi. Nyinyi huko Embu mko aje? Wajina wangu anaendeleaje na shule?

Nimeandika kwa karatasi na kumpa dereva wa matatu ya Embu kwa sababu simu yangu haishiki mtandao. Ile cheki yako ya viazi imerudi. Msichana wa benki alinisukumia dirishani akasema akaunti yako haina kitu, na mwalimu wetu wa kwaya yuko nyuma yangu kwenye foleni. Halafu benki ikanikata faini.

Nelius, nilikupa magunia arobaini, viazi vya laki moja na elfu ishirini, kwa sababu ni wewe. Tangu umpe kitindamimba wako jina langu nakuita mama, kama desturi yetu, na mama hamfanyii mtoto wake hivi. Unajua hizo ni pesa za mabati ya vyumba vyangu vya kupangisha kule Nchiru. Wanafunzi wameshalipa deposit, wanaingia Septemba, na kuta zinanyeshewa. Tafadhali shughulika.

Binti yako,
Karwirwa

Embu, 21 Juni 2024

Binti yangu Karwirwa,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi tunasukuma maisha tu. Wajina wako amekuwa wa pili darasani, hicho kichwa ni chako. Na yule ndama uliyemletea siku tulipompa jina sasa ni ng'ombe wa kweli. Amezaa, na wajina wako hakubali mtu mwingine amkatie nyasi.

Kuhusu cheki, ungengoja kidogo. Nilikwambia mwisho wa mwezi, sikusema mwezi upi. Shule niliyoipelekea viazi haijanilipa, na kila nikienda wananiambia mhasibu ametoka. Nimekutumia mkungu wa ndizi usiseme sikujali.

Mama yako,
Nelius

Ruiri, 15 Julai 2024

Nelius,

Hamjambo. Sisi hatujambo, na ndizi zilifika. Fundi wangu Muthamia nilimpa tatu, akaniuliza kama atazipigilia misumari juu ya nyumba.

Ijumaa nilikuja kwako. Watoto wakaniambia umeenda mazishi. Viatu vyako vilikuwa mlangoni, na redio ya chumbani ilizimwa nilipobisha. Nilikaa kwa jirani yako mpaka jioni nikinywa chai na kuangalia mlango wako. Nilikasirika mpaka nikacheka, halafu nikakasirika tena.

Cheki mbovu ni kesi ya polisi. Bwanangu Riungu ananiambia hivyo kila tukikaa kula. Namjibu, nitamshtaki vipi mwanamke ambaye mtoto wake ni mimi? Ukifungwa, Karwirwa mdogo atapikiwa na nani? Lakini na mimi nina mwisho. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Mwezi huu wa Julai, wa mwaka huu.

Karwirwa
(Leo sina mama.)

Embu, 30 Julai 2024

Karwirwa,

Salamu. Angalia simu yako. Nimekutumia pesa zote, pamoja na ile faini ya benki. Nimechoka kujificha ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Shule bado haijalipa, kwa hivyo usiniulize nimetoa wapi.

Nunua mabati. Wajina wako amenyamaza tangu juzi, lakini watoto husahau.

Nelius

Ruiri, 12 Agosti 2024

Kwako Nelius,

Sikuulizi habari, ninazo. Nilikuwa dukani Nchiru, mabati nusu yameshapakiwa, nikapiga simu yako nikushukuru. Ikashikwa na wajina. Akaniuliza, "Ng'ombe yetu ilifika? Mama alisema lori inaileta kukaa kwako. Unaipatia maji mingi?"

Umeuza ng'ombe niliyempa mtoto ili unilipe mimi. Nilitaka kukutukana hapohapo, lakini mtoto alikuwa bado anangoja kwenye simu. Nikamwambia imefika, na inakunywa vizuri.

Sasa nifanye nini? Mabati niliyashusha. Mwenye duka alisema maneno ambayo siwezi kuandika, Muthamia akabeba nyundo yake akaenda. Siku ya soko nimenunua ng'ombe hapa Ruiri kwa pesa hizohizo, mweusi mwenye baka kwenye paji kama yule. Yuko nyuma ya jiko, anakula nyasi yangu, na amemkanyaga Riungu ambaye hata hivyo hataki kuongea na mimi. Wanafunzi nimewarudishia deposit zao. Huu mwaka vyumba vitalala wazi, na hilo linaniuma sana, Nelius, sitakuficha.

Deni lako liko palepale. Shule ikilipa, uniletee mwenyewe, mkononi, na kitabu chako cha cheki ukiache Embu. Uje na mtoto. Ameniahidi atakuja likizo kumkatia ng'ombe wake nyasi, na mimi nimeshamwambia nitamngoja barabarani.

Binti yako, kwa bahati mbaya,
Karwirwa